Istilahi za Gereji: Gari la Kale, Breki na Mbio za Kuchomoka

1. Utangulizi

Katika kazi ya kuunda na kusanifu istilahi imezoeleka desturi ya kuketi mezani na orodha yenye safu mbili: upande wa kushoto maneno ya kigeni, upande wa kulia nafasi tupu. Mwanaistilahi huzijaza nafasi hizo moja baada ya nyingine hadi orodha itakapokwisha. Desturi hiyo si mbaya. Kwa njia kama hiyo Kiswahili kimepata maneno kama jokofu, kiyoyozi na kikokotozi, ambayo leo yanatumika bila ya mtumiaji kujiuliza yalitoka wapi. Hata hivyo, desturi hiyo ina hatari moja ambayo aghalabu haionekani kutoka mezani, nayo ni kwamba nafasi iliyo tupu katika orodha huenda si tupu hata kidogo huko kazini. Fundi aliyeshika spana hawezi kungoja kamati ikutane. Akihitaji neno hulitwaa popote alipolikuta, akalikata, akalinyoosha, akalitumia. Mwanaistilahi anapofika na neno lake jipya, hukuta kiti kimekwisha kukaliwa.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo hilo kwa kutumia mfano wa fani moja, yaani ufundi wa magari, na hasa ufundi wa kulirudisha barabarani gari la zamani na kulipima mwendo wake. Mifano mingi imetokana na siku tatu ambazo mwandishi alikaa na kikundi cha mafundi wa Makambako na Njombe, mwisho wa juma mmoja wa majira ya baridi. Msomaji atakuta pia habari ya kosa moja la mwandishi mwenyewe, ambalo nusura lilete madhara. Kosa hilo limeelezwa hapa kwa sababu linafundisha kuliko mafanikio.

2. Maneno ya magari yametoka wapi

Kabla ya kuingia gerejini, yafaa tukumbuke kwamba msamiati wa magari katika Kiswahili haukutoka katika chemchemi moja. Neno gari lenyewe lina asili ya Kihindi. Usukani ni neno la mabaharia, ambalo lilihama kutoka chomboni likaingia garini bila ya kupoteza maana yake ya msingi, kwani nahodha na dereva wote wawili hufanya kazi ile ile ya kuelekeza. Karakana ni neno lenye asili ya Kiajemi, na parafujo limetokana na Kireno. Pikipiki limetokana na mlio. Breki, gia, klachi, plagi, pistoni, kabureta, beringi na springi yote yalitoka Kiingereza pamoja na vyombo vyenyewe, yakavikwa irabu za Kibantu.

Utaratibu unaojulikana wa kutafuta istilahi hutuelekeza kutazama kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, kisha lugha nyingine za Afrika, na mwisho lugha za kigeni. Kwa utaratibu huo tumepata ngeli kutoka Kihaya na kitivo kutoka lugha za milima ya Usambara na Upare. Lakini historia fupi tuliyoitaja hapo juu inaonyesha kwamba wenye kazi hawakufuata ngazi hizo. Wao walifuata chombo: kila chombo kilipoingia, jina lake liliingia nacho, au lilihamishwa jina la chombo cha jirani. Hatuna budi kuuheshimu ukweli huo, hata kama unavuruga mpango wetu.

3. Mahali, watu na gari

Makambako ni njia panda. Hapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam kuelekea Mbeya na Zambia hukutana na barabara iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, hupita mjini humo. Kwa sababu hiyo mji huo una mafundi wengi wa malori, na maneno ya malori ndiyo yanayotawala katika gereji zake. Jambo hili msomaji alikumbuke, kwa maana litarudi hapo mbele. Njombe, umbali wa kilomita zipatazo 60 kuelekea kusini, ni makao makuu ya mkoa uliotengwa kutoka Iringa mwaka 2012. Ni mji wa baridi, wa chai, viazi, miti ya mbao na maparachichi.

Gari lililonipeleka huko lilikuwa Peugeot 404, mali ya mwalimu mstaafu wa Njombe. Wasomaji wenye umri watalikumbuka gari la aina hiyo, na gia zake zilizofungwa kwenye usukani. Lilianza kuundwa Ufaransa mwaka 1960, na injini yake iliyozoeleka ilikuwa ya sentimita za ujazo 1,618, iliyolazwa upande. Katika Afrika Mashariki lilipata sifa kwa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi zetu tatu. Gari la aina hiyo lilishinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mshindi wa mwaka 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania. Mwaka 1963 na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho, na mara zote mbili lililotangulia lilikuwa Peugeot 404. Tangu mwaka 2003 yamekuwapo pia mashindano ya Safari ya magari ya kale peke yake, na kwa hiyo magari haya, ambayo zamani yalikuwa yakiozea uani, sasa yanatafutwa.

Kikundi kilikuwa cha watu watano: mwalimu mwenye gari, fundi mkuu, mzee aliyejifunza kazi katika magari ya aina hiyo yalipokuwa mapya, fundi bati, fundi wa umeme, na kijana mwanagenzi aliyekuwa ametokea katika gereji ya malori. Nilipofika Ijumaa jioni nilimwamkia mzee, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaongeza "Kamwene" kama ilivyo ada ya huko, akanipa kigoda karibu na jiko la mkaa.

4. Kutengeneza, kukarabati, kufufua, kurejesha

Neno la kwanza lililotusumbua lilikuwa jina la kazi yenyewe. Katika orodha niliyokuwa nayo, kazi ya kulirudishia gari la zamani sura na hali yake ya kwanza niliiita kukarabati. Mzee alitikisa kichwa. Kwake yeye nyumba ndiyo inayokarabatiwa. Gari hutengenezwa linapoharibika, hufanyiwa ovahoo injini inapofunguliwa yote na kubadilishwa vipuri vilivyokwisha, na hufufuliwa linapokuwa limekufa kabisa, yaani limekaa miaka bila ya kuwaka.

Nilimwuliza kama kufufua kunatosha kwa gari la mwalimu. Akajibu: "Hapana. Ningetia injini ya Toyota humu, lingefufuka kesho. Lakini lisingekuwa lile gari. Mwalimu anataka lile lile."

Katika maneno hayo machache mzee aliweka mpaka ambao orodha yangu haikuwa nao. Kufufua ni kulifanya gari lililokufa liwake na kutembea, kwa kipuri chochote kitakachofaa. Kurejesha ni kulirudisha gari katika hali yake ya awali, kwa vipuri vya aina yake au vilivyochongwa kwa mfano wake. Gari linaweza kufufuliwa bila ya kurejeshwa. Tofauti hii si ya wapenda magari tu. Kadi ya gari huandikwa namba ya chesisi na namba ya injini. Gari lililotiwa injini nyingine limebadilika mbele ya sheria, na mabadiliko hayo yapasa kuandikishwa. Gari lililorejeshwa kwa injini yake halina mabadiliko hayo. Mtumishi anayejaza fomu kwa neno moja tu, limetengenezwa, ameficha jambo ambalo mnunuzi, bima na polisi wanahitaji kulijua.

Vivyo hivyo na sifa za gari lenyewe. Tunayo maneno chakavu, kuukuu, mkweche, la mtumba, na la kale. Chakavu ni hali ya kulika kwa matumizi. Mkweche ni neno la kejeli kwa gari bovu ambalo bado linalazimishwa kutembea. Gari la mtumba ni lile lililotumiwa na mwingine kabla ya kuuzwa, na linaweza kuwa zuri. Lakini gari la kale ni lile ambalo umri umeliongezea thamani badala ya kuipunguza. Katika lugha ya kodi za magari yaingizwayo nchini, umri huitwa uchakavu, na huongeza ushuru. Kwa magari ya kawaida neno hilo linafaa. Kwa gari la mwalimu, ambalo ni la kale na si chakavu, linapotosha. Tusiyachanganye maneno haya mawili katika tafsiri.

5. Sailensa na kuchanganya

Jumamosi asubuhi injini iliwashwa. Iliwaka, lakini ilitoa moshi mweusi na kutetemeka. Fundi wa umeme alisema, "Linamisi," akimaanisha kwamba silinda mojawapo haichomi petroli inavyotakiwa. Mzee alisikiliza akasema, "Na sailensa halina."

Hapa msomaji aliyezoea Kiingereza atadhani kwamba gari limekosa kile chombo cha kupunguza kelele kilicho kwenye bomba la moshi. Sivyo. Chombo hicho mafundi wetu hukihesabu kuwa sehemu ya ekzosi. Sailensa, kwa mafundi, ni ule mzunguko wa chini na wa utulivu wa injini iliyowaka wakati dereva hajakanyaga mafuta. Husemwa sailensa iko juu, iko chini, au gari halina sailensa. Kwa dhahiri neno limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya ukimya, likapewa kazi mpya ambayo Waingereza wenyewe hawakulipa.

Katika orodha yangu nilikuwa nimependekeza mzunguko tulivu. Nilimsomea mzee. Akacheka kwa adabu, akasema, "Mwanangu, injini inaweza kuzunguka polepole huku ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Na inaweza kutulia huku inazunguka mbio. Sailensa ni yote mawili pamoja." Nilifuta pendekezo langu. Neno la fundi lina sharti mbili, langu lilikuwa na moja. Kwa kuwa linajulikana, lina maana moja katika fani, na linaandikika kwa sauti zetu, hatuna sababu ya kulifukuza. Kinachotakiwa ni kulitolea fasili na kumwonya mfasiri asilichanganye na ekzosi.

Sababu ya moshi mweusi nayo ina somo. Makambako iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Njombe inakaribia mita 2,000. Kadiri mtu apandavyo, hewa huwa nyepesi. Makambako wepesi huo hupunguza nguvu ya injini ya namna hii kwa kiasi cha moja ya saba, na Njombe kwa kiasi kinachokaribia moja ya tano. Kabureta ya gari hilo ilikuwa imepimwa pwani, ambako hewa ni nzito. Juu milimani petroli ilibaki kuwa ile ile na hewa ikapungua, nayo petroli isiyopata hewa ya kutosha hugeuka moshi mweusi. Dawa ilikuwa kubadili kile kitundu kidogo cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, ambacho hapo gerejini kiliitwa jeti, kwa chenye upenyo mdogo zaidi.

Kitabu cha kigeni nilichokuwa nikikitafsiri kiliuita mchanganyiko wa namna hiyo kwa neno lenye maana ya tajiri, na kinyume chake kwa neno lenye maana ya kukonda. Nimewahi kuona tafsiri iliyosema mchanganyiko tajiri. Msomaji wa Kiswahili akiona utajiri hufurahi. Hawezi kudhani kuwa ameambiwa kuna ubaya. Mafundi husema petroli imezidi au hewa imezidi. Maneno hayo ni mawili badala ya moja, lakini kila mmoja huyaelewa mara moja, na yanaonyesha dawa pamoja na ugonjwa. Si kila dhana hudai neno moja.

Kitundu kilipobadilishwa, mzee alikanyaga mafuta, akatabasamu: "Sasa linachanganya." Kuchanganya, katika lugha ya madereva na mafundi, ni ile hali ya gari kushika nguvu na kuongeza mwendo kwa wepesi. Walimu wa fizikia wanalo neno mchapuko, lenye maana ya kiwango cha badiliko la mwendo kwa muda. Je, maneno haya yanagombana? La. Mchapuko hupimwa kwa saa na kwa mita. Kuchanganya husikika mgongoni mwa dereva. Mwalimu wa shule ya ufundi atafanya vema kuanza na neno ambalo mwanafunzi analo, kuchanganya, kisha amwonyeshe kwamba kinachopimwa ndani ya hali hiyo ndicho kiitwacho mchapuko. Neno la kitabu halitaonekana tena kuwa geni.

6. Kosa la upepo

Mchana huo huo ndipo lilipotokea jambo nililolitaja katika utangulizi. Nilikuwa nimeleta karatasi ya utaratibu wa ukaguzi, yenye hatua kumi, niliyoitafsiri mwenyewe, ili niijaribu kwa mafundi. Hatua ya saba ilisema hivi: "Toa upepo katika breki kabla ya kuendesha gari." Nilimaanisha kwamba, baada ya bomba la breki kufunguliwa, hewa iliyoingia ndani ya mafuta ya breki iondolewe. Mafuta hayabanwi yakapungua, hewa hubanwa; kwa hiyo hewa ikiwamo, pedali huzama bila ya kuyafikia magurudumu kwa nguvu.

Mzee alikuwa amebadilisha bomba moja la breki asubuhi, kisha akaenda mjini kutafuta kipuri. Kijana mwanagenzi alibaki na karatasi yangu. Yeye, kama nilivyosema, alitokea katika malori. Malori makubwa hutumia breki za upepo, yaani breki zinazosukumwa na hewa iliyoshindiliwa ndani ya matangi. Kwa fundi wa malori, kutoa upepo ni kufungua vali iliyo chini ya tangi ili hewa itoke pamoja na maji yaliyokusanyika. Kijana aliinama chini ya Peugeot, akatafuta tangi, hakuliona. Kwa akili timamu akaamua kwamba hatua ya saba haihusu gari hili, akaandika pembeni: haihusiki.

Mwalimu alipoliondoa gari taratibu kuelekea langoni, pedali ilizama hadi sakafuni. Kwa bahati njema alikuwa katika gia ya kwanza na aliikumbuka hendibreki. Gari lilisimama hatua chache kabla ya rundo la magogo. Hakuna aliyeumia. Mzee aliporudi alisikiliza kisa chote, akaichukua karatasi, akaisoma hatua ya saba mara mbili, akasema, "Kijana hakukosea. Karatasi ndiyo iliyokosea."

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Sentensi yangu haikuwa na kosa la sarufi. Kila neno lilikuwa la Kiswahili safi. Kamati ingeipitisha. Lakini sikuwa nimeuliza swali moja: je, katika kazi ya jirani, maneno haya haya yana kazi gani? Upepo, kwa kawaida ya lugha, ni hewa inayokwenda. Lakini katika kazi za barabarani upepo umekwisha kuwa jina la hewa iliyoshindiliwa, iwe ndani ya tairi au ndani ya tangi la lori. Hewa iliyojipenyeza kwa bahati mbaya ndani ya mafuta si upepo kwa maana hiyo. Mafundi wa magari madogo wao husema kublidi breki, neno la Kiingereza lililovikwa nguo zetu. Neno hilo halipendezi kwa baadhi yetu, lakini siku hiyo lingemwokoa kijana na aibu, na mwalimu na hatari.

Mwisho tuliandika upya hatua ya saba pale pale kwenye meza ya spana: "Ondoa hewa yote iliyomo katika mafuta ya breki (kublidi), mpaka pedali iwe ngumu." Sentensi ni ndefu zaidi. Lakini ina alama ya kumjulisha fundi kwamba amefika mwisho wa kazi: pedali iwe ngumu. Maelezo ya usalama yasiyosema mwisho wa kazi unajulikanaje hayajakamilika, hata kama kila istilahi yake ni sanifu.

7. Mbio za kuchomoka

Jumapili alasiri, baada ya ibada, kikundi kilikwenda katika shamba la miti upande wa Njombe, kwa idhini ya mwenye shamba, kwa kuwa mashindano hayaruhusiwi katika barabara za umma. Walitaka kujaribu namna ya mbio ambazo vijana waliziona katika video: magari mawili, njia iliyonyooka, yakianza yakiwa yamesimama. Mbio hizo zilienea Marekani, ambako chama chao kikubwa kiliundwa mwaka 1951, na urefu wake wa asili ni robo maili, yaani mita 402. Siku hizi zinafanyika pia katika nchi za Ghuba, kwenye viwanja maalumu vya Abu Dhabi na Bahrain.

Jina lake la Kiingereza, likitafsiriwa neno kwa neno, hutoa mashindano ya kuburuta magari, nayo tafsiri hiyo nimeiona ikitumika. Msomaji hupata picha ya gari bovu linalovutwa kwa kamba, kinyume kabisa cha jambo lenyewe. Wengine husema mbio fupi za magari. Si vibaya, lakini jina hilo halitaji lile lililo kiini, yaani kuanza kutoka kusimama. Mwendokasi nalo lilipendekezwa na kijana mmoja, lakini tangu huduma ya mabasi yaendayo haraka ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, wananchi wengi wakisikia mwendokasi hufikiri juu ya basi. Fundi bati ndiye aliyelipata neno bila ya kulitafuta. Alimwambia mwalimu, "Bendera ikishuka tu, wewe chomoka." Mbio za kuchomoka ni jina fupi, ni la Kiswahili, na linasema jambo lenyewe.

Upande wa pili liliwekwa gari dogo la mizigo la kisasa la jirani. Kwa kuwa halikulingana na Peugeot kwa nguvu, kikundi kilifuata utaratibu unaotumika katika mbio hizo: kila dereva alitangaza muda anaotarajia kuutumia, na lenye muda mrefu lilitangulizwa kwa tofauti ya nyakati hizo mbili. Peugeot ilitangaza sekunde 23, jirani sekunde 19. Peugeot ikatangulizwa sekunde 4. Kwa hesabu yalipaswa kufika pamoja. Peugeot ilifika kwanza, ingawa kila gari lilitumia karibu muda ule ule uliotangazwa. Vijana walidhani saa imekosea.

Haikukosea. Muda wa njiani huhesabiwa tangu gari linapoondoka kwenye mstari, si tangu ishara inapotolewa. Jirani aliona bendera, akachelewa kuondoka. Muda huo aliouchelewa haumo katika sekunde zake 19, lakini mshindani wake alikuwa tayari anakwenda. Kwa hiyo kuna nyakati mbili zinazohitaji majina mawili: muda wa kuitikia, tangu ishara hadi kuondoka, na muda wa njiani, tangu kuondoka hadi mwisho. Mfasiri akitumia neno muda peke yake, msomaji hataelewa kamwe jinsi ambavyo dereva mwenye muda mrefu zaidi humshinda mwenye muda mfupi.

8. Mapendekezo

Maneno yafuatayo yanaletwa kwa wasomaji ili yajadiliwe:

(i) Kufufua gari: kulifanya gari lililokufa liwake na kutembea, kwa kipuri chochote kifaacho.
(ii) Kurejesha gari: kulirudisha katika hali yake ya awali kwa vipuri vya aina yake. Jina la kazi: urejeshaji.
(iii) Gari la kale: gari la zamani ambalo umri wake umeliongezea thamani, lisichanganywe na gari chakavu.
(iv) Sailensa: mzunguko wa chini na wa utulivu wa injini wakati mafuta hayakukanyagwa.
(v) Kuchanganya: kushika nguvu na kuongeza mwendo kwa wepesi. Kipimo chake: mchapuko.
(vi) Petroli kuzidi. Hewa kuzidi: hali mbili za mchanganyiko usio sawa katika kabureta.
(vii) Kuondoa hewa katika mafuta ya breki (kublidi): kutoa hewa mpaka pedali iwe ngumu. Neno upepo litumike kwa breki za malori na kwa tairi tu.
(viii) Mbio za kuchomoka: mashindano ya magari mawili katika njia fupi iliyonyooka, yakianza kutoka kusimama.
(ix) Muda wa kuitikia. Muda wa njiani: kama yalivyoelezwa katika sehemu ya 7.

9. Hitimisho

Haifuati kutokana na haya kwamba kila neno la gerejini likubaliwe kama lilivyo, wala kwamba kazi ya kuunda istilahi haina maana. Mafundi wa mji mmoja huweza kuwa na neno ambalo mafundi wa mji mwingine hawalijui, na hapo ndipo usanifishaji unapohitajika. Linalodaiwa ni utaratibu: kabla ya kulijaza pengo, tuhakikishe kwamba ni pengo, kabla ya kulipitisha neno, tuulize jirani wa kazi hiyo analielewaje, na kabla ya kuchapa maelezo yanayohusu uhai wa mtu, tumpe ayafuate yule ambaye hakuwapo tulipoyaandika, nasi tukae kimya tumtazame.

Mfasiri asiye na gereji karibu hakosi hospitali, shamba, bandari au ofisi ya posta, na katika kila mojawapo ya hizo yumo mtu mwenye neno. Wasomaji wenye maneno ya fani hii kutoka mikoa mingine, au wenye hoja dhidi ya mapendekezo yaliyotolewa hapa, wanaombwa wayalete ili yafikiriwe. Karatasi ya hatua kumi, kwa sasa, imebandikwa ukutani katika gereji ile ya Makambako. Hatua ya saba imepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu na kijana mwenyewe.